Kiduara Juu ya Karatasi

Kwa miaka kumi na tisa Aoko binti Odongo alisimama mlangoni mwa ghala moja pale Mkuyuni, Mwanza, akihesabu mizigo ya watu wengine, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea. Nalisema hili mapema, maana mwaka wa tisini na nane, mwezi wa nane, hesabu ya mlango ule ilikataa, na kwa ajili hiyo Shimba, kiongozi wa makuli, nusura afukuzwe kazi kwa jina la mwizi. Shimba hakuwa mwizi. Wala kilichosemekana kimeibwa hakikuwa kimeibwa. Ila mpaka hilo lijulikane, Aoko alilazimika kurudi kwao, si kwa basi wala kwa meli, akiwa amekaa tu juu ya katoni ya sabuni.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na minane, mwenye tabia ya kuondoka huku amesimama. Mwili ulibaki mlangoni, macho yakaenda zake. Mbele ya ghala kulikuwa na majabali mawili makubwa ya kijivu, na katikati yake ulionekana upenyo wa ziwa usiozidi upana wa kanga. Asubuhi maji ya pale hung'aa mpaka mwanga wake unacheza kwenye mabati ya dari ya ghala, na Aoko alipenda kuutazama ukitembea pale juu, taratibu, bila haraka ya kwenda popote. Makuli walimzoea. Wakimwona amekodoa macho kwenye ule upenyo waliambiana, "Mama Sharon ameshasafiri," wakaendelea kubeba.

Lakini mkono wake haukusafiri. Kila katoni iliyopita mbele yake, kalamu ilichora kijiti. Vijiti vinne, cha tano kikakatiza, halafu vingine vinne. Ungeweza kumshtua katikati ya ndoto zake ukamwuliza lori limefika ngapi, naye akakujibu mia na kumi na saba bila kutazama karatasi. Na kabla ya yote hayo, kabla hata turubai halijafunguliwa, alikuwa na kitu kimoja asichokisahau. Alichora kiduara kidogo juu kabisa ya karatasi, peke yake, mbali na vijiti. Wakaguzi walidhani ni sifuri. Makuli walidhani ni urembo wa kike. Yeye mwenyewe, ukimwuliza wakati huo, asingeweza kukwambia ni nini, kama vile wewe usivyoweza kuniambia kwa nini unaanza kuvaa kiatu cha kulia. Alipojumlisha vijiti mwishoni alikijumlisha nacho kama kimoja, na jumla ikaja sawasawa.

Aliajiriwa ghala hilo likiwa bado la serikali. Hizo zilikuwa zama za lori moja kwa mwezi, na miezi mingine hata hilo moja halikuja. Alikaa mlangoni na kitabu chake, akisubiri sabuni iliyokuwa imeandikwa barua tatu kwamba iko njiani. Pengine ndiko alikojifunzia kuota. Mtu aliyewekwa alinde ghala tupu kwa miaka asipojifunza kuota atajifunza kunywa, na Aoko alikuwa mtu wa kanisa.

Halafu zikaja siku za ruksa, na bidhaa zikaja na siku hizo. Viberiti, betri, dawa ya meno ya rangi mbili, sufuria zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Ghala likauzwa. Aliyelinunua ni Iqbal, mtu wa pale pale mjini, ambaye babu yake aliuza mchele karibu na soko tangu enzi za Mjerumani, kama mwenyewe alivyopenda kusema. Alikuwa mtu wa hasira za karibu na huruma za mbali kidogo, lakini zilifika. Siku ya kwanza alikuta kitabu cha Aoko mezani, akakipekua ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Wewe nimekununua pamoja na ghala," na hiyo ikawa ndiyo barua yake ya ajira.

Skana ilifika mwezi wa saba mwaka huo wa tisini na nane. Ililetwa na Yunus, fundi wa kompyuta kutoka Dar, mwanamume mzima mwenye tai shingoni katika jua la Mwanza. Alikaa mwezi mzima akivuta nyaya, akaweka kompyuta ofisini kwa Iqbal, kisha akamwita Aoko na kumkabidhi kitu chenye umbo la bastola, chenye kijidirisha kidogo mgongoni. Akamweleza kwamba kila katoni itakayotoka ghala kuu la Dar sasa ina karatasi yake yenye mistari, na hakuna karatasi mbili zenye mistari sawa. Ukielekeza taa nyekundu kwenye mistari na kubonyeza, mashine italia, itaandika kuwa katoni hiyo imeingia, na itahesabu yenyewe. Katoni ikitoka kwenda kwa mteja, unaisoma tena, mashine inaitoa. Ukiisoma mara mbili inakataa. Isiyoijua inakataa pia.

"Kwa hiyo karatasi na kalamu?" Aoko aliuliza.

"Weka kabatini, mama. Umestaafu vijiti."

Watu walitegemea ataichukia. Mimi nawaambia aliipenda kuliko hata Iqbal aliyeinunua. Aliipenda ile taa nyembamba nyekundu, jinsi ilivyokata giza la ghala bila kuacha alama. Alipokuwa peke yake aliielekeza kwenye kiganja chake akaona mstari mwekundu umelala pale, hauna uzito, hauna joto. Na ile mistari myeusi kwenye karatasi, minene kwa myembamba, ilimkumbusha matete ya kwao, yanavyosimama majini asubuhi kabla upepo haujaamka. Alihisi mashine inasoma matete. Sasa angeweza kuota kwa raha zake, maana kuhesabu hakukuwa kazi yake tena.

Lori la kwanza lilileta katoni mia mbili na arobaini za sabuni. Mashine ilisoma mia mbili thelathini na tisa.

Iqbal aliitazama karatasi ya dereva, akatazama kijidirisha cha mashine, akasema huko Dar wamekosea. Lori la pili, viberiti, mia na themanini. Mashine ikasoma mia na sabini na tisa. Dar walipigiwa simu, wakaapa kwamba wamehesabu mara mbili. Lori la tatu lilikuwa la betri, katoni mia tatu, na kabla hata ya kumaliza kupakua Iqbal alikuwa amesimama pale akisubiri. Mia mbili tisini na tisa.

"Huyu mwizi ana adabu," alisema. "Kila lori moja tu."

Unaweza kuuliza kwa nini hawakurudia kuhesabu kwa macho. Katoni zilikuwa zimeshapangwa mpaka karibu na dari, na kuzishusha ni kazi ya siku nzima. Tena Iqbal alikuwa na fahari yake. Alisema hakununua mashine ili watu warudi kunyoosha vidole. Alichofanya ni kukaa na kufikiri, na kufikiri kwake kulimfikisha kwa Shimba. Shimba ndiye aliyefungua turubai. Shimba ndiye wa kwanza kupanda lori na wa mwisho kushuka. Akamwita Aoko ofisini.

"Mama Sharon, wewe uko mlangoni. Mashine inaweza kukosea?"

Hapo ndipo Aoko alipofanya kitu ambacho hata leo kinamchoma. Angeweza kusema, bosi, hakuna njia ya kutoka mle ndani isipokuwa mbele ya pua yangu, na Shimba hajapita na kitu. Huo ndio ulikuwa ukweli alioujua. Lakini alikuwa na ile mashine mkononi, akasema, "Mashine haisinzii, bosi. Inasoma kile inachopewa."

"Basi," alisema Iqbal. "Lori la Jumamosi ndilo lake la mwisho. Nimeshaongea na makuli wengine wa kule stendi."

Maneno hayo yalitoka ofisini haraka kuliko Aoko mwenyewe. Mchana Shimba alikuja akakaa kwenye ngazi ya mlango, karibu na miguu yake, na kipande cha muhogo wa kuchemsha kwenye gazeti. Alikuwa Msukuma mpana wa mabega, mwenye sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, na Aoko alimwita Shimba tu kwa kuwa walikuwa rika moja. Yeye alimwita mayu, mama kwa Kisukuma, kama alivyowaita wanawake wote aliowaheshimu.

"Mayu, umesema mashine haikosei."

"Nimesema haisinzii."

"Ni mamoja." Alimega muhogo, hakula. "Miaka kumi na tisa napita mbele yako. Nimekuchukulia nini?"

Aoko aliiweka mashine sakafuni. Aliona aibu, tena aibu ya mtu mzima, ile isiyokupa hata pa kuweka mikono.

"Kufukuzwa si neno," Shimba aliendelea kwa ile sauti yake ndogo. "Nilikuwa na nguvu kabla ya Iqbal. Lakini nikitoka hapa na jina la mwizi, hakuna ghala Mwanza hii litakaloniwekea begani hata pakiti ya chumvi. Hilo ndilo ninalokuambia." Akakunja gazeti na muhogo wake ndani, akaondoka.

Siku mbili Aoko hakuota kitu. Mwanga wa ziwa ulitembea darini, naye hakuinua macho.

Alhamisi asubuhi akaja Bernadeta wa Sengerema, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, akitaka sabuni yote iliyobaki ghalani na akitaka iwe kwenye kivuko kabla ya saa sita. Rundo la sabuni lilikuwa limeshapungua kwa wateja wengine, zikabaki kama thelathini. Shimba na wenzake wakawa wanazitoa, Aoko anazisoma moja moja zikipita. Mashine ililia vizuri, katoni baada ya katoni, mpaka wakafika ya mwisho kabisa, iliyokuwa chini, imegusa ukuta wa nyuma. Aoko akaielekezea taa. Mashine ikatoa mlio wa chini, mfupi, ambao hakuwahi kuusikia.

Akajaribu tena. Mlio ule ule. Yunus akaja, akatazama kile kijidirisha, akakuna kichwa.

"Inasema haipo," akasema. "Katoni hii haijawahi kuingia humu ndani."

"Kama haipo nipeni niondoke nayo," alisema Bernadeta. "Si haitapungua."

Aoko aliweka mashine chini, akaibeba ile katoni kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kama wenzake. Kona moja ilikuwa imepata unyevu wa ukuta. Ilinuka sabuni. Aliikumbatia hivyo kwa muda, kile kitu kisichokuwepo, na watu wakamwangalia, wakidhani amesafiri tena. Hakuwa amesafiri. Alikuwa anafikiri kwamba katoni iliyo chini kabisa, ukutani, ndiyo iliyoingia kwanza.

"Shimba, nani hubeba katoni ya kwanza?"

"Mimi. Siku zote ya kwanza naibeba mimi."

"Na ukipita mimi huwa nafanya nini?"

Shimba alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Hufanyi kitu. Mimi hunihesabu," alisema. "Tangu enzi za kalamu hunihesabu. Napita, kalamu iko juu, unaanza kuandika kwa yule anayenifuata. Na hii mashine vilevile, iko mapajani mwako mpaka nipite. Nilidhani ni heshima unanipa."

Aoko akaishusha katoni sakafuni akaikalia.

Kwao ni ufukweni kule Mara, mahali ambapo nyumba ziko karibu na maji kiasi kwamba usiku mtu hajui kama anachosikia ni mawimbi au ni pumzi za ng'ombe. Kwao hawahesabu watoto. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema wapo, na anayeuliza akiwa na akili anaridhika. Aoko akiwa na miaka saba alikuja karani wa kuhesabu watu, mwenye kaptura na buku kubwa, na yeye hakuridhika. Odongo, baba yake Aoko, alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi na makarani. Akawapanga watoto wake mbele ya nyumba, akawaelekezea kidole. Cha kwanza kiliangukia kichwani mwa Ooko, mtoto wake wa kwanza, kijana aliyekuwa na miaka kumi na sita na aliyejua kupiga mluzi kwa meno yaliyofungwa. "Moja," alisema Odongo. Aoko alisimama wa nne. Anakumbuka Ooko alicheka, akainamisha kichwa kama anayenyolewa.

Kabla ya mavuno ya mwaka ule Ooko alitoka asubuhi kwenda kutazama nyavu. Ziwa lilikuwa limelala, halina hata mkunjo. Mtumbwi ulirudi wenyewe ukiwa na kasia lake ndani, ukagusa mchanga taratibu, ukasimama mbele ya nyumba yao.

Mama yake hakumlaumu karani wala mumewe, angalau si mbele ya watoto. Lakini tangu siku hiyo hakuhesabu cha kwanza cha kitu chochote. Yai la kwanza, samaki wa kwanza wa mtego, fungu la kwanza la mtama, alikipitisha kwa mkono bila kutaja namba, halafu akaanza moja kwa kile kilichofuata. Na Aoko alipojua kuandika, akawekwa kuandika samaki wa baba yake waliouzwa, mama alikuja akasimama nyuma yake, akatazama karatasi tupu.

"Mwachie yule nafasi yake kwanza," alisema.

"Nimwandike?"

"Usimwandike. Yule hahesabiwi. Yule yupo."

Aoko, mtoto wa darasa la tatu, hakujua afanyeje ili mtu awepo bila kuhesabiwa. Akachora kiduara.

Sasa, mwanamke mzima, amekaa juu ya katoni ya sabuni Mkuyuni, alielewa kwamba amekuwa akimchora kaka yake kila lori kwa miaka kumi na tisa, na kwamba walipompokonya karatasi walimpokonya na kiduara, lakini mkono haukuambiwa. Mkono uliendelea kumficha yule wa kwanza. Machozi yalimjia, akayaacha. Bernadeta, ambaye kivuko chake kilikuwa kinakaribia kuondoka, alikaa kimya kwa mara ya kwanza siku ile.

Aoko alikwenda ofisini akamweleza Iqbal yote, kuanzia mtumbwi mpaka mashine. Iqbal alisikiliza huku akizungusha kalamu. Mwishoni alikaa akitazama dirishani.

"Bibi yangu alipima mchele kwa kibaba," alisema. "Kibaba cha kwanza hakusema moja. Alisema Bismillahi. Cha pili ndicho alisema mbili." Halafu biashara ikamrudia usoni. "Lakini na mwizi mwerevu angefanya hivyo hivyo, Mama Sharon. Angeiweka katoni ukutani bila kusomwa, aje aichukue siku ambayo hakuna anayeitafuta. Mbili bado sijaziona. Sikuiti mwongo. Nataka kuona kwa macho yangu. Jumamosi nitasimama mlangoni. Lori lisomwe lote, kuanzia ya kwanza. Likitimia, yamekwisha, Shimba abaki. Likipungua, aondoke kama nilivyosema, na wewe umfuate."

Yunus, ambaye alikuwa na moyo mzuri chini ya ile tai, alimfuata nje. "Mama, mbona rahisi. Ya kwanza iweke pembeni, uisome mwisho."

Aoko alimshukuru. Alilifikiria wazo hilo njia nzima ya kwenda nyumbani, na kulikataa. Yule ni yule, hata akiwekwa mwisho wa mstari. Mashine haikuwa na nafasi ya mtu wa kuwepo tu. Ilitaka kidole kimwangukie.

Ijumaa alimtafuta Shimba, akamkuta anashona turubai lililochanika kwa sindano kubwa ya magunia. Akamweleza na yeye. Alitegemea atacheka, au atakasirika kwa kuponzwa na mzimu wa Mjaluo asiyemjua. Shimba aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nimefichwa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa sijui. Nimeanguka na gunia mara mbili, mara zote nikaamka." Akafunga fundo. "Nilikuwa sijui, mayu."

"Kesho mwambie mwingine abebe ya kwanza."

"Nimpe nani?" Shimba aliuliza, na Aoko akapitisha macho kwa wale makuli sita waliolala kivulini, kofia zimefunika nyuso, hakupata wa kumtaja. "Nitaibeba mwenyewe. Wewe nisome tu."

Jumamosi ziwa lilikuwa limelala, halina hata mkunjo. Aoko aliliona kupitia ule upenyo wa majabali na akatamani lingekuwa chafu, lina mawimbi, lina magugumaji, lolote lile kuliko kuwa vile. Lori liliingia saa tatu na katoni mia mbili na sitini za chumvi na dawa ya meno. Iqbal akaja akasimama upande wa pili wa mlango, mikono nyuma. Yunus akasimama nyuma ya Iqbal. Mwanga wa maji ulikuwa unatembea darini kama kawaida yake.

Shimba akafungua turubai, akapanda, akashuka na katoni begani. Ameigeuza ili karatasi ya mistari itazame upande wa Aoko, jambo ambalo hakuna kuli aliyewahi kulikumbuka bila kuambiwa. Akaja. Mkono wa Aoko ulikuwa mapajani na mashine ndani yake, na haukuinuka. Aliuambia uinuke. Haukuinuka.

Shimba akasimama. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kusimama mbele yake na mzigo begani.

"Nisome, mayu," alisema polepole.

Aoko akanyoosha mkono wa kushoto, na kwa ncha ya kidole akachora kiduara kwenye vumbi la mlango. Halafu akainua wa kulia. Taa nyekundu ikaangukia kwenye matete ya karatasi, na kipande chake kikavuka kikalala shingoni mwa Shimba, chini ya sikio, mahali anaponyolewa mtu. Hakusema moja. Alisema, "Ooko," akabonyeza.

Mashine ikalia. Shimba akapita, akaingia kwenye giza la ghala.

Niseme sasa hivi, msije mkakaa roho juu bure, kwamba lori lile lilisoma mia mbili na sitini, na karatasi ya dereva mia mbili na sitini. Iqbal aliwaambia wale makuli wa stendi wasije, akamwomba Shimba radhi mbele ya watu, kwa kigugumizi kidogo. Siku iliyofuata ya kazi rundo la viberiti na la betri yalishushwa, na zile mbili zikakutwa ukutani, chini kabisa. Yote hayo yalikuja. Lakini Aoko hakuwa akiyasubiri hayo.

Alisoma katoni ya pili, ya tatu, ya nne, na macho yake hayakwenda ziwani hata kidogo. Yalikuwa yameganda kwenye giza la ndani. Kwa kawaida kuli huingia, huweka mzigo, hutoka wakati wa nne anaingia. Wa nne ameshaingia. Wa tano akaja, akamsoma. Wa sita. Waliomfuata Shimba walikuwa wameshatoka, wamerudi kwenye lori. Taa ikawa inarukaruka kwenye karatasi, mashine ikamkatalia mara mbili kabla ya kukubali. Wa saba akapita. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kule ndani kulikuwa kimya, kimya kile anachokijua tangu alipokuwa na miaka saba, amesimama mchangani, anatazama mtumbwi unavyokuja wenyewe.

Kisha akasikia sauti ndogo ikigomba. Mtu ameacha ngazi katikati ya njia, ilisema ile sauti, imebidi aihamishe peke yake, watu gani hawa. Shimba akatokeza kwenye mwanga akijifuta shingo kwa kitambaa, chini ya sikio.

"Umerudi," alisema Aoko.

Alikuwa analia waziwazi, mbele ya Iqbal na kila mtu, na hakujali. Shimba alisimama kidogo, akamtazama, akakitazama kile kiduara kwenye vumbi la mlango.

"Nisirudi niende wapi, mayu?" alisema. "Lori bado limejaa."